Rejesho la mama, bodaboda ya baba

Tangu serikali itangaze kuwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri inarudi kwenye mwaka wa fedha 2024/25, baada ya kusimamishwa Aprili 2023, kila ninapokaa na watu nasikia kauli mbili tu. Wa kwanza anasema sasa wanawake watainuka maana mtaji umepatikana, wa pili anasema hela zitapotea tena maana wanawake wanapenda kukopa ila kurejesha hawapendi. Wanabishana mpaka povu linawatoka na kila mmoja anamuona mwenzake hajaelewa, ila ukiwasikiliza vizuri wote wawili wanaamini kitu kimoja, kwamba hela ikishatoka halmashauri ikaingia mkononi mwa mwanamke, imefika. Mimi nasema haijafika. Imefika mlangoni tu. Ndani ya huo mlango kuna utawala mwingine kabisa, wenye sheria zake na wakubwa wake, na huo utawala ndo unaoamua hiyo hela itakuwa biashara ya nani, itakaa muda gani na itaishia wapi. Tusipouangalia tutaendelea kujaza maji kwenye pakacha alafu tunamgeukia mama tunamuuliza maji yako wapi.

Kwa ambao hawafuatilii sana, kila halmashauri inatakiwa itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na tangu sheria irekebishwe 2018 mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa kwa sababu vikundi hewa vilikuwa vingi na marejesho hayarudi, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alikuwa analisema hilo ripoti baada ya ripoti, na iliporudishwa ikaja na utaratibu mpya ambao halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kupitishia hela benki. Kabla ya hapo tulikuwa na Benki ya Wanawake, ilianza kazi 2009, ilipofika 2018 ikaunganishwa na Benki ya Posta na jina likaishia hapo. Pembeni ya haya yote ndo kuna kausha damu, yule anayekuja na daftari, anapiga picha friji na makochi kama dhamana, rejesho kila wiki, ukichelewa siku moja anakaa kibarazani kwako mpaka majirani wajue. Na siku hizi wamehamia kwenye simu, mpaka Novemba 2024 Benki Kuu ikazifungia aplikesheni 69 za kukopesha ambazo hazikuwa na leseni. Ukiangalia yote haya kwa pamoja, ya serikali na ya mtaani, yenye riba na yasiyo na riba, dawa ni moja ile ile: mpe mwanamke hela. Tunachobadilisha ni chupa.

Nimewahi kuwa katibu wa kikoba kimoja Mbagala kwa miaka miwili, na hapo ndo nilipolielewa hili jambo. Kuna mama alikuwa anauza nafaka, alikopa ili aongeze magunia ya mchele na maharage. Wiki mbili baadaye gunia ni lile lile moja, ila nje kwake imeegeshwa bodaboda mpya. Hakuna aliyempiga wala aliyemuibia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba watoto alikuwa amekaa tu, ningefanyaje?" Rejesho akawa analeta yeye miezi kumi mfululizo, analitoa kwenye faida ya gunia moja, na mimi kwenye daftari nikawa naandika amelipa, amelipa, amelipa. Mkopo wake kwa hesabu zetu ulikuwa mfano wa kuigwa. Biashara yake haikukua hata kwa kilo. Sisemi bodaboda lilikuwa kosa, pengine kwa ile nyumba ndo lilikuwa wazo zuri zaidi mwaka ule, ninachosema ni kwamba ule haukuwa mkopo wa biashara ya mwanamke, ulikuwa mkopo wa biashara ya mwanaume uliopitia kwa mwanamke kwa sababu yeye ndo mwenye kikundi na yeye ndo anayeogopa aibu.

Na hili sio la Mbagala peke yake. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti kule Sri Lanka waligawa hela za bure kwa wafanyabiashara wadogo, wanaume na wanawake, alafu wakafuatilia faida. Wanaume biashara zao zilipanda vizuri, za wanawake kwa wastani hazikusogea, na watu wengi wakalipokea jibu hilo kwa haraka: kumbe wanawake hawajui biashara. Baadaye, 2019, watafiti wengine wakazirudia takwimu hizo pamoja na za India na Ghana, wakauliza swali ambalo mtu yeyote aliyekaa kwenye kikoba angeliuliza siku ya kwanza: je, ndani ya hiyo nyumba kuna biashara nyingine? Wakakuta kwenye nyumba ambayo mwanamke ndo mfanyabiashara peke yake, hela aliyopewa ilizaa kama ya mwanaume. Kwenye nyumba ambayo mume naye ana biashara, hela ya mama ilihamia huko. Yaani mwanamke hakushindwa biashara, hela ndo haikubaki kwake.

Hapa Dar es Salaam kwenyewe iliwahi kufanyika kazi ya namna hiyo, wateja wa PRIDE Tanzania, taasisi ya mikopo midogo, wakapewa mafunzo ya biashara na wengine wakapewa ruzuku, matokeo yakawa kwamba mafunzo yaliwainua wanaume ila kwa wanawake yalikuwa hafifu. Sasa hili lingetakiwa limkoseshe usingizi kila anayeandaa semina ya ujasiriamali kwa akina mama, maana kila mradi ukija kitu cha kwanza ni semina, flipchati, soda na vitumbua, jinsi ya kutunza kumbukumbu, jinsi ya kutenganisha hela ya biashara na ya nyumbani. Huyo mama anajua kuitenganisha. Tatizo ni kwamba usiku mtoto akipata homa hakuna atakayeuliza hela ya baba iko wapi, watauliza droo ya genge ina shilingi ngapi.

Hapo kwenye hela ya nyumbani ndo penye mzizi, wacha nikae kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mume ana wajibu wa kumtunza mke, na mila zetu karibu zote zinasema hivyo hivyo, mwanaume ndo anayeacha hela mezani asubuhi. Ni kanuni nzuri na mimi sina ugomvi nayo. Ila angalia kinachotokea mke akianza kushika hela. Mwezi wa kwanza baba anaacha elfu kumi kama kawaida, mwezi wa tatu anaacha elfu tano, anasema "si unauza", mwezi wa sita haachi kitu na wala hawajawahi kukaa wakakubaliana, imetokea tu. Ada ikahamia kwa mama, gesi ikahamia kwa mama, mchango wa msiba wa upande wa mume nao ukahamia kwa mama. Kwaiyo kila hatua biashara inayopiga mbele, nyumba inaongeza mzigo juu yake, na mwanamke mwenye akili timamu anajifunza kitu ambacho hakifundishwi kwenye semina yoyote: ficha. Biashara ibaki ndogo, isionekane. Usipake rangi kibanda. Hela nyingine iweke kwa kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, nyingine nunua vitenge uweke sandukuni. Mchumi akija na fomu yake anaandika kwamba wanawake hawawekezi faida kwenye biashara, kumbe anayemuandika hivyo ana vitenge vya laki nne chini ya kitanda kwa sababu hela ikionekana itapata mwenyewe.

Ndo maana ushahidi kutoka Uganda kwangu una uzito kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia. Pale wanawake kama 3,000, wateja wa BRAC ambalo ni shirika la mikopo midogo, walipewa mikopo, wengine wakapokea taslimu kama ilivyozoeleka, wengine hela ile ile, kiasi kile kile, ikaingizwa kwenye akaunti ya simu ya mwanamke mwenyewe. Baada ya miezi minane waliopokea kwenye simu faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 15 na mtaji wa biashara asilimia 11 kuliko waliopokea mkononi, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na shinikizo kubwa la kifamilia. Hakuna semina iliyoongezwa wala shilingi. Kilichoongezwa ni ukimya. Noti mkononi kila mtu anaiona, hela ya simu mpaka mwenyewe aseme.

Sasa twende Zanzibar maana hakuna biashara inayoonyesha hili vizuri kama mwani. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, huko Paje na Jambiani, na baada ya muda kikawa kazi ya wanawake, wao ndo wengi mpaka leo. Kwanini wanawake? Kwa sababu shamba la mwani liko pale maji yanapokupwa, karibu na nyumbani, unaenda bamvua likiwa kubwa, unapiga vigingi, unafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikilia mwani, kwenye kamba, maji yakijaa unarudi kupika. Wanaume walioanza nao wengi waliacha, wakarudi kwenye uvuvi na wengine wakaenda kwenye mahoteli, wakasema kazi ngumu na bei ndogo. Kwaiyo kazi yenyewe iligawanywa na kanuni ya nani anaruhusiwa kwenda umbali gani kutoka jikoni. Na kwa miaka ya mwanzo ilikuwa neema kweli, wanawake ambao walikuwa hawajawahi kushika hela yao wenyewe walijenga, walisomesha, wakanunua vyombo.

Shida ikaja bahari ilipoanza kupata joto. Kuna mwani wa aina mbili wanaoufahamu wakulima, spinosum ambao ni mvumilivu ila bei yake ndogo, na kotonii wenye bei nzuri ila hauvumilii joto. Kwenye maji mafupi kotonii ukawa unakufa. Kwenye maji marefu, yenye ubaridi, unaota. Sasa maji marefu yanataka chombo na yanataka kuogelea, na msichana wa pwani ya Unguja, aliyezaliwa hatua mia kutoka baharini, kwa kawaida hakufundishwa kuogelea, chombo ni cha kaka yake. Hakuna sheria ya Zanzibar inayomkataza mwanamke kulima kotonii. Hakuna benki iliyomnyima. Ni kwamba miaka ishirini kabla ya mwani kufa, mtu alimwambia yule binti toka majini wewe ni mtoto wa kike, na neno lile dogo ndo limekuja kuamua leo anauza mwani wa bei gani. Watafiti wakiwemo Dkt. Flower Msuya, ambaye amehangaika na huu mwani miaka mingi, walijaribu nyavu za mrija za kulimia maji marefu, na ilibidi mafunzo ya kuogelea na ya kutumia boti yawe sehemu ya kazi hiyo. Mimi hilo naliona la maana sana. Mtu alikaa akauliza ni nini hasa kinamzuia huyu mama, akakuta sio mtaji, ni kuogelea.

Ziwa Victoria ni hivyo hivyo kwa sura nyingine. Kwenye mialo mingi mwanamke akipanda mtumbwi ni mkosi, samaki watakimbia. Mwanamke mwenye hela anaweza kuumiliki mtumbwi, akanunua na nyavu na taa za dagaa, ila usiku kazi inafanyika bila yeye na asubuhi anapokea maneno ya mabaharia kuhusu kilichopatikana. Mwanaume mwenye mtumbwi anaweza kupanda akahesabu ndoo mwenyewe. Mtaji sawa, chombo sawa, faida tofauti, na tofauti yote iko kwenye imani ya nani anapanda.

Alafu kuna ardhi. Sheria za ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zinampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, na Sheria ya Ndoa yenyewe inamtambua mke aliyeolewa kuwa na haki ya kumiliki mali yake. Maandishi mazuri. Ila tamko la sheria za kimila la 1963 linalohusu mirathi kwa makabila mengi ya bara linamweka mtoto wa kike daraja la mwisho, na ardhi ya ukoo kuimiliki moja kwa moja au kuiuza haruhusiwi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, kwa Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanaume yeyote, na wanasheria mpaka leo wanaitaja hiyo kesi. Miaka 25 baadaye, 2015, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilikuwa bado inaitaka Tanzania ibadilishe mila hizo kutokana na malalamiko ya wajane wawili waliotolewa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao. Sasa mwanamke huyu ndo tunamwambia aende benki, na benki inamuuliza una hati? Hati ina jina la baba mkwe. Anarudi kwenye kausha damu kwa sababu kausha damu ndo mkopeshaji pekee anayekubali dhamana ya makochi, na makochi ndo mali pekee ambayo jamii imekubali kwamba ni ya mwanamke. Watu wanaouliza kwanini wanawake wanakimbilia mikopo umiza waanzie hapo.

Na kuna hiki kitu cha barua ya mume. Congo ya Kinshasa, Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume ndo aingie kwenye mambo mengi ya kisheria, ikiwemo mikataba, na kipengele hicho kiliondolewa 2016. Sisi tunapenda kujisifu kwamba huku hatujawahi kufika huko, na kwa sheria ni kweli. Ila vikundi vingi ninavyovijua, kuanzia vya mtaani mpaka vya taasisi zilizosajiliwa, fomu ina sehemu ya sahihi ya mume, na mume anayechukua mkopo wake hajawahi kuulizwa sahihi ya mke labda awe anaweka nyumba rehani. Watakwambia ni kwa usalama wa marejesho. Lakini tayari umeshamwambia mume kiasi, tarehe na jina la kikundi, na umemfundisha mke kwamba biashara yake ni jambo la kuombewa ruhusa. Wenzetu walihitaji bunge kuondoa ruhusa ya mume, sisi tumeiweka kwenye fomu bila bunge.

Wanaopinga ninayoyasema wana hoja na baadhi ni nzito. Kuna wanaosema acha kulialia, nenda Ilala, nenda Mabibo, nenda Feri asubuhi, mwanamke wa Kitanzania yuko kila mahali anafanya biashara, na utafiti wa taifa wa biashara ndogo wa 2012 ulikuta zaidi ya nusu ya biashara hizo zinamilikiwa na wanawake. Kweli kabisa. Hatuna shida ya mwanamke kuruhusiwa kuanza, na ukilinganisha na nchi ambazo mwanamke hatoki hata sokoni tuko mbali. Swali ni anaanza wapi na anaruhusiwa kufika wapi. Tembea mtaa mmoja wa Tandika uhesabu meza za nyanya, vitumbua, chipsi na ubuyu, utakuta kumi zinauza kitu kimoja na zote za wanawake, watu wanasema hawana ubunifu, wanaigana. Hawaigani. Wote wamekaa kwenye orodha fupi ile ile ya biashara ambazo unaweza kuziacha dakika tano ukamtoa mtoto shule, zinaanza na hela ndogo, na hazikutaki usafiri wala ulale nje. Biashara ya kwenda Tunduma kufuata mzigo au kwenda kulala Kibaigwa kusubiri mahindi ina faida, ila anayelala Kibaigwa siku tatu nani anabaki na watoto, na akirudi mtaa utasema alikuwa kwa nani.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema hizi taasisi unazozilaumu ndo zinazombeba huyo huyo mwanamke. Na hapa nakubali zaidi ya nusu. Ndoa ni bima. Ukoo ni bima. Mama akiugua, ni shangazi anayekuja kukaa na genge. Mtaji wa kwanza wa wanawake wengi ninaowajua haukutoka benki wala halmashauri, ulitoka kwa mume au kwa kaka. Pwani tuna dini ambayo imemuweka mwanamke na mali yake peke yake, mume hana chake humo, na Bi Khadija mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mkubwa. Uluguru ardhi inafuata upande wa mama. Kwaiyo sio kwamba mila ni ukuta mmoja, kuna mila zinafunga na kuna mila zinafungua, na mwanamke mwenye akili anazitumia zote. Hata hukumu ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, haikuibomoa taasisi ya ndoa, iliihesabu vizuri. Hicho ndo ninachotaka, zihesabiwe. Mtu anayesema mila ni nzuri tusiziguse na mtu anayesema mila ni mbaya tuzifute wote wamekwepa kazi ya kuangalia mila ipi, kwenye biashara ipi, inamgharimu nani shilingi ngapi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndo inayosikika zaidi, kwamba wanawake hawana nidhamu ya hela na hawapendani, adui wa mwanamke ni mwanamke. Anayesema hivi hajawahi kucheza mchezo. Wanawake ishirini, hakuna mkataba, hakuna mwanasheria, hakuna polisi, kila Jumamosi mtu anampelekea kijumbe elfu ishirini, na mwenye zamu ya mwisho anasubiri wiki ishirini akiamini kwamba waliokwisha kupokea wataendelea kutoa. Na wanatoa. Nionyeshe taasisi ya wanaume inayofanya kazi kwa uaminifu wa kiasi hicho bila hata karatasi. Na hili sio la juzi. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuingiza wanawake TANU hakuanzia ofisini, alipita kwenye vikundi vya ngoma, kwa wanawake wa Kariakoo na kwingineko waliokuwa wanauza vitumbua na pombe za kienyeji, na ndani ya muda mfupi wanawake walikuwa maelfu. Wengi walikuwa na uwezo wa kununua kadi bila kumuomba mtu kwa sababu hela ilikuwa ya kwao wenyewe. Nchi hii imefaidika na uaminifu wa wanawake kwa wanawake kabla haijawa nchi. Vikundi hewa vilivyokula hela za halmashauri havikutokana na wanawake kutopendana, kikundi hewa ni watu wasiofahamiana waliokusanywa na mtu mwenye koneksheni ofisini ili idadi itimie. Kikundi cha kweli kilikuwepo tayari mtaani, tena kinakutana Jumamosi, hakuna aliyekifuata.

Kama haya ni kweli basi kuna mambo yanafuata. Kupitishia benki mikopo ya asilimia 10 ni hatua nzuri ila tumeifanya kwa sababu isiyotosha, tumeifanya ili hela zirudi. Ingefanywa pia ili hela zibaki, yaani baada ya kikundi kupitishwa kila mwanachama apokee sehemu yake kwenye akaunti yake au laini yake yenye jina lake, sio mwenyekiti kutoka na bahasha mbele ya kadamnasi. Hapo nakumbuka kitu kingine, laini ya jina lako inataka NIDA, yaani kitambulisho cha taifa, NIDA inaanzia miaka 18, na Sheria ya Ndoa mpaka sasa bado ina kile kifungu cha binti kuolewa akiwa na miaka 15 ingawa Mahakama ya Rufani ilikubaliana tangu 2019 na kesi ya Rebeca Gyumi aliyekipinga kifungu hicho. Binti anaingia kwenye ndoa miaka mitatu kabla ya kuwa na jina lake mwenyewe kwenye simu. Wakati anapata hiyo NIDA, mpangilio wa nani anashika hela ndani ya nyumba umeshakomaa.

Sahihi ya mume itoke kwenye fomu za mikopo midogo, au iwepo kwa wote wawili. Marejesho ya wiki yafaa muuza chipsi, hayamfai mkulima wa mwani anayevuna kwa bamvua wala muuza nafaka anayenunua msimu wa mavuno, ukimlazimisha rejesho la Jumanne umemlazimisha abaki kwenye chipsi. Masoko mapya tunayojenga kwa mabilioni yana vyoo, yana vizimba, yana ofisi ya mtoza ushuru, na chumba cha watoto mara nyingi hakuna, na mtoto wa miaka miwili ndo sababu ya kwanza ya mama kufunga biashara saa nane mchana wakati wateja wa jioni wanaanza kuja. Hati za kimila zinapotolewa vijijini, jina la mke liandikwe pale pale siku hiyo hiyo, kabla baba hajafa, maana akishakufa mjane anabaki kubishana na shemeji zake.

Na daftari libadilike. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu mimi ndo niliyekuwa naandika. Kwenye kikoba chetu tulikuwa na safu ya mkopo, safu ya rejesho na safu ya faini, na kwenye halmashauri ndo hivyo hivyo, wanahesabu zilizotoka na zilizorudi. Tungeongeza safu moja tu, baada ya miezi sita nenda kaone: magunia yako mangapi, na duka liko kwa jina la nani. Kwa yule mama wa nafaka safu ya rejesho ilijaa mpaka mwisho. Kwenye safu ya magunia ningeandika moja, lile lile alilokuja nalo.